Mkwe Haitwi Jina

Mtu asiyefunga jaketi ya kuokolea mimi simbebi. Garsen nzima inajua. Vijana wa stendi wamenibandika jina la Mama Kamba, nami nawaacha, maana hao hao ndio huja Jumamosi na wachumba wao wakitaka kupigwa picha kwenye boti yangu. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini nimebeba watu wa matembezi kwenye huu mto wa Tana miaka mingi, walimu, maharusi, wageni wa mashirika, na sijampoteza hata mmoja. Sikuwa na nia ya kuanza na mkwe wangu.

Mkwe mwenyewe ni Mzee Karisa, mtu wa upande wa Malindi. Kijana wake Mwaringa anataka kumuoa binti yangu Christabel. Walijuana chuo cha ualimu, na ukiona Christabel anavyonyamaza jina la Mwaringa likitajwa, yeye ambaye nyumbani hanyamazi, unajua mambo yamekwisha. Tatizo lilikuwa mzee. Habari zilitufikia kwamba alikuwa amemtakia mwanawe msichana wa kwao, na kwamba hajakata shauri. Siku ninayoisimulia alikuwa anakwenda Ngao, kwa kaka yangu Martin, kusema neno lake mbele ya wazee wetu. Akisema ndiyo, tunapanga harusi. Akisema hapana, Mwaringa si kijana wa kumpinga babake.

Sasa ujue nyumbani kwetu tulivyolelewa. Mtu akishabisha hodi kwa ajili ya mtoto, amekuwa mkwe. Mkwe humgusi. Humwamrishi. Jina lake hulitaji kabisa, na ukiwa na neno naye unampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama mmekaa magoti yanagusana. Usidhani ni mchezo. Ndoa ya shangazi yangu mdogo ilivunjika kwa jambo hilo hilo. Bibi yangu alijisahau akamwita mkwe jina lake sokoni, mbele ya watu. Mkwe akaweka kikapu chini, akaenda kwao, na hakurudi. Shangazi alizeeka kwa kaka zake.

Gari lingewafikisha Ngao bila shida. Ni mzee mwenyewe aliyetaka kupita majini. Alikuwa amesikia kwamba mama mkwe wa mwanawe anaendesha boti, na akasema, mbele ya watu, kwamba angependa kukiona hicho kijito chetu. Kijito. Nilimeza mate, nikajaza mafuta.

Basi mimi na Christabel tukakutana na mzee na Mwaringa asubuhi pale ninapofunga boti, chini ya mji. Mzee Karisa alikuja na suti ya kijivu, tai, kofia, na viatu vilivyong'aa mpaka nikavionea huruma kwa ajili ya matope. Ni mtu mrefu, mabega mapana, na kusema kweli anapendeza kumtazama.

"Christabel," nikasema, "mwambie mzee avae jaketi."

Mzee alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu.

"Baba, mama anaomba uvae jaketi," Christabel akasema.

"Mwambie mama," akajibu akitazama maji, "mimi nimezaliwa baharini. Nimeogelea kwenye mawimbi yanayopita paa la nyumba. Huu ni mto tu. Ng'ambo naiona."

"Mwambie mzee hata mamba anaiona hiyo ng'ambo."

Hilo Christabel hakulifikisha. Nikaketi kando ya injini, nikakunja mikono. Sikuiwasha. Mwaringa akatazama saa, akatazama babake, akatazama jua. Ndege wakaendelea na makelele yao kwenye matete, na shati la Mwaringa likaanza kulowa mgongoni.

"Baba, tafadhali," akasema mwishowe. "Wazee wa watu wanatungoja."

Mzee Karisa akaichukua jaketi kwa vidole viwili, akaiweka mabegani juu ya koti la suti. Vifungo akaviacha vikining'inia, tai isije ikakunjamana. Nani sasa wa kumfunga? Mimi mkwe simgusi. Christabel hawezi kumgusa baba mkwe wake. Mwaringa alinyoosha mkono, babake akamtazama mara moja tu, na mkono ukarudi mfukoni. Watu watatu wazima tukashindwa na kifungo cha plastiki.

Nikawasha injini. Nilijiambia nitakwenda polepole karibu na ukingo, na siku nyingine yoyote ningekataa katakata. Lakini nilimtazama Christabel, amekaa wima na jaketi yake imefungwa mpaka shingoni, mikono kwenye mapaja, akimtazama huyo mzee kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikaondoka.

Tana asubuhi, nikwambie ukweli, mimi mwenyewe sijaizoea. Nimezaliwa kando yake na bado huniziba mdomo. Maji yote yale ya rangi ya chai yanatoka milima ambayo sijawahi kuiona, yanapita nchi kavu isiyo na chochote, yanafika kwetu bado yana nguvu ya kula ukingo na kuangusha mti mzima. Tangu mafuriko yale makubwa mto umehama mahali pengine mpaka migomba ya watu imebaki upande usio wao. Unapita kimya na unafanya unavyotaka. Nikiwa peke yangu huwa nausalimia.

Tulikutana na mtumbwi umejaa mahindi mabichi, mama mmoja anapiga kafi. Nikapunguza mwendo mpaka injini ikawa inanong'ona.

"Mbona tunasimama?" Mzee Karisa akamwuliza Christabel.

"Mwambie mzee wimbi letu likimfikia yule mama litaingia mtumbwini. Mtumbwi wake umekaa chini sana."

Mzee akageuka kumwangalia yule mama, ambaye alitupungia mkono. Akamvulia kofia. Hapo nikampenda kidogo.

Tulipowapita watu waliokuwa wakifua nguo, tukaingia kwenye mto mtupu, nikageuka. Jaketi haikuwa mabegani tena. Ilikuwa imekunjwa vizuri na mkwe wangu ameikalia kama mto wa kiti. Damu ikanipanda. Nikapunguza injini niipeleke boti ukingoni, na neno la kumpa Christabel lilikuwa tayari mdomoni, nalo halikuwa tamu, nilipoona shuka jekundu limepandishwa juu ya fimbo pale mbele kwenye kona.

Hilo shuka ni la Wako. Wako ni Muorma, mfugaji, tunajuana tangu alipokuwa kijana. Kwenye kona ile pana njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni, wenyewe huiita malka, na ilikuwepo kabla ya boti yangu na kabla yangu mimi. Tulipatana zamani, ng'ombe wakiwa majini anapandisha shuka, nami nazima injini na kungoja, iwe nimebeba nani. Kelele ya injini ikiwashtua katikati ya mto wanageuka, wanapandana, na ndama wanazama.

Nikazima. Boti ikateleza mpaka kwenye mti uliokuwa umeanguka ukingoni, nikafunga kamba ya nyuma kwenye mzizi wake, mbele ya boti ikabaki inatazama malka. Wako alikuwa juu ya ukingo, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo.

"Mama Hulda, ngoja kidogo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ngombe iko kwa maji. Ile ndogo pia iko. Usigonge kitu."

"Nangoja. Ni wengi?"

"Yote," akasema.

Nami nilikuwa na sababu ya kutaka kugonga. Kila mtu wa mto huu akikaribia kona yenye kina hugonga ubavu wa chombo chake kwa kafi, ko, ko, ko, kama unavyobisha mlangoni kwa mtu. Ni kiboko tunayempigia hodi. Akisikia anajua uliko, anainua kichwa, unamwona, kila mtu anashika njia yake. Usipobisha anaweza kuibuka chini yako bila yeye mwenyewe kutaka. Lakini siku hiyo ng'ombe walikuwa majini, na kafi nikaiweka chini taratibu. Nilijua tumeingia nyumba ya watu bila hodi.

Kisha wakaanza kuja, na nikasahau nilichokuwa nikiogopa.

Walitoka kwenye vumbi la ng'ambo wakateremka mmoja mmoja, halafu kumikumi, halafu ukingo wote ukawa unatembea. Weupe, wekundu, wa madoa, pembe juu ya pembe. Wakiingia majini miili inapotea, unabaki msitu wa pembe na pua zilizoinuliwa, na pumzi. Hizo pumzi ndizo zilizonishika. Hakuna aliyelia, hakuna kengele, ni pumzi tu za wanyama wengi kuliko macho yangu yalivyoweza kushika, hu, hu, hu, mto mzima unapumua. Wachungaji walikuwa katikati yao wameshika mikia, wanaimba wimbo wa chini usiopanda wala kushuka, na ng'ombe wanaufuata kama wanaelewa maneno. Ndama waliogelea upande wa juu wa mama zao, wamejiegemeza wasichukuliwe na maji. Nani aliwafundisha? Mkondo ukawapinda wote wakawa upinde mmoja mkubwa kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma vumbi lilikuwa bado linatoa wengine.

Christabel alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwaringa machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nami pia, kwa nini nifiche, nilihisi udogo wangu na nikaufurahia.

"Mungu wangu," Mzee Karisa akasema polepole.

Akasimama. Akatoa simu, akapanda mpaka ncha ya mbele ya boti, akasimama pale juu kabisa na viatu vyake vinavyong'aa, amepanua miguu, anapiga video. Bila jaketi. Mtu wa bahari husimama hivyo, nimewaona, anacheza na wimbi kwa magoti na hana habari. Boti ikainamia upande wake.

"Christabel," nikanong'ona, "mwambie mzee akae."

"Baba," Christabel akanong'ona, "mama anasema ukae."

Mzee akainua kiganja nyuma bila kugeuka. Ngojeni.

Hapo ndipo nilipoyaona mapovu.

Yalitokea mbali kidogo mbele, kati yetu na ng'ombe, mstari mwembamba. Yakapasuka, yakatokea mengine karibu zaidi. Kiboko haogelei, hutembea chini kwenye mchanga, na pumzi anazoziachia ndizo zinazokuonyesha njia yake. Kwato zile zote zilikuwa zimemwamsha, naye alikuwa anapanda mto kutafuta utulivu. Njia yake ilikuwa imenyooka kwetu.

Kugonga nisingeweza. Ndama walikuwa katikati kabisa ya mkondo. Kuwasha injini ni hivyo hivyo. Kilichobaki ni sote kukaa chini na boti kutulia. Atatupita, au atatugusa na boti itahimili, maana ni pana na nzito ikiwa watu wamekaa. Mtu akiwa amesimama kwenye ncha ataruka kama punje kwenye ungo, aingie kwenye maji ya mkondo na suti na viatu, mbele ya mdomo ule. Na kuogelea baharini hakutamsaidia.

"Christabel. Mwambie."

"Baba, tafadhali. Mama anasema..."

Kiganja tena. Mapovu yakapasuka karibu na mti. Nikawaza ndoa, ndiyo, niliwaza. Nikamwona shangazi yangu akichambua mchicha kwenye baraza ya watu. Halafu nikaufungua mdomo, na sikupaza sauti, kwa ajili ya ng'ombe. Nilitumia sauti ile ya kumwita mtoto anayecheza kanisani.

"Karisa. Kaa chini."

Alikaa. Si kwenye kiti. Alijishusha papo hapo kwenye sakafu ya boti na simu ikamdondokea mapajani. Akageuka kunitazama, na kabla macho yetu hayajakutana vizuri, boti ikanyanyuka.

Haikupigwa. Ilinyanyuliwa, mbele yote, kama unavyoinua kifuniko cha sufuria kuona kama wali umeiva. Maji yakateremka pande zote mbili. Tukabaki hewani, wanne sisi, hakuna aliyepumua, na chini ya mbao za sakafu nikahisi kwa nyayo zangu mgongo wa kitu kinachotembea. Kisha ikashushwa. Ilishushwa taratibu hata simu haikuteleza kutoka mapajani kwa mzee.

Akaibuka ubavuni, upande wa Mzee Karisa. Kwanza masikio, yakatikisika. Kisha macho, kisha kichwa kile chote, cheusi na chenye rangi ya waridi kwenye mikunjo, kikubwa kuliko mtu anavyokumbuka. Nimewaona viboko maisha yangu yote na kila mara nimesahau ukubwa wao. Akapumua, na pumzi yake ikatulowesha nyuso. Ilinuka majani na udongo wa chini ambao haujawahi kuona jua. Akamtazama mkwe wangu. Mzee Karisa naye akamtazama, mkono ukiwa umelala ukingoni mwa boti, karibu kiasi cha kumshika sikio, na hakuuondoa kwa sababu hakuthubutu. Sijui muda ulikuwa kiasi gani. Nilikuwa naogopa kwa mwili wote, na bado sikutaka aondoke.

Akafumba macho, akazama. Mapovu yakatupita, yakapanda juu ya mto, yakaishia kwenye kina cha kona ya nyuma.

Mbele yetu ng'ombe walikuwa bado wanavuka. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wa mwisho alipopanda na kujikung'uta, Wako akashusha shuka lake.

"Watu mzima?" akauliza.

"Wazima. Ndama?"

"Yote," akasema, akaweka mkono kifuani, akafuata mali yake.

Nilipoinama kufungua kamba ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema. Christabel alikuwa ananitazama, uso umempauka. Hakuna aliyehitaji kueleza. Nilikuwa nimemwita mkwe jina lake, tena nimemwamrisha, mbele ya mwanawe na mbele ya mkwewe. Nikawasha injini kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya.

Tukashuka na mto mpaka Ngao. Mzee Karisa alibaki pale pale sakafuni, suti inanyonya maji, anautazama mto. Kwa Martin walitupokea kwa shangwe, wakatandika mkeka, wali ukaja na samaki wa kukaanga. Mzee alikula kidogo, akasifu mapishi. Nilimvuta Martin pembeni nikamweleza. Kaka yangu akashika kichwa.

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Hulda, wewe na mdomo wako."

"Ningemwacha afe kwa heshima?"

 Martin akarudi kwa wazee, akakohoa, akamwuliza mgeni kwa adabu zote kama ana neno lolote kwetu.

Mzee Karisa akapangusa vidole kimoja kimoja. "Ninalo," akasema. "Lakini nitalisema mtoni."

Basi jamaa wote wakainuka kutusindikiza, wazee na fimbo zao, akina mama, na nyuma kabisa Christabel na Mwaringa wametengana kama watu waliogombana. Nilitangulia. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu ambao sitaki kuukumbuka. Nilijua neno linalosemwa mahali mtu anapoondokea huwa ni hapana. Nikaingia botini, nikajishughulisha na tangi la mafuta lisilokuwa na shida yoyote.

Nilipoinua kichwa, Mzee Karisa alikuwa amesimama mbele yangu ndani ya boti. Alikuwa ameivaa jaketi ya kuokolea, juu ya suti iliyokunjamana, na tai ameivua. Vifungo vilikuwa vinaning'inia. Mikono aliiachanisha na mwili, kama mtoto anayevalishwa sweta.

Nikamtafuta Christabel kwa macho ili nimpe neno la kufikisha. Mzee akatikisa kichwa.

"Hulda," akasema, na alisema kwa nguvu, ukingo wote wa Ngao ukasikia. "Nifunge."

Akina mama walishika midomo. Martin alitazama chini. Mimi nilisogea, nikamshika mkwe wangu kifuani, nikafunga kifungo cha kwanza.

"Siku ya harusi nitakuja na watu wengi wa kwetu," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, yangu peke yangu. "Watu wa bahari, wakaidi kama mimi. Nao pia uwaite majina."

Nikavifunga vyote, nikazivuta kamba mpaka akaguna.